Wufa Imebaki, Simu Imetoka: Kifaa Gani cha Muziki Kinafaa Nyumba ya Kawangware 56?

Neno "strima" limefika madukani kabla ya maana yake. Muuzaji mmoja wa Luthuli Avenue, Nairobi, akilitamka, anakuonyesha kijiplastiki cha Bluetooth cha shilingi mia chache. Jirani yake, hatua kumi mbele, anakuonyesha kisanduku cha Android cha kuchomeka kwenye televisheni. Wa tatu anasema hivyo vyote ni vichezeo, strima yenyewe ni kifaa cha Wi-Fi kinachoagizwa kutoka nje, na bei anayoitaja inanunua wufa mbili mpya. Hakuna anayedanganya kati yao. Kila mmoja ana jibu, ila maswali ni tofauti.

Mkaazi wa Kawangware 56 anayetaka kitu kimoja tu, nyimbo zitoke kwenye intaneti ziingie kwenye wufa yake bila usumbufu, hurudi nyumbani na kifaa kisichomfaa, au hurudi mikono mitupu. Ushauri wa mitandaoni haumfai sana kwa sababu umeandikiwa watu wenye sebule kubwa, intaneti isiyopimwa na kadi ya benki. Huku nyumba nyingi ni chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, stima ni ya tokeni au ya landilodi, na data hununuliwa kwa shilingi ishirini ishirini.

Msimamo niuweke wazi mapema. Katika shughuli hii yote, kifaa ndicho gharama ndogo. Kinachomaliza pesa ni data, na kabla ya kuuliza bei ya kifaa chochote mtu ajiulize intaneti ya nyumba yake inakaa wapi: mfukoni mwa mtu, au ukutani?

Wufa ilivyotufikisha hapa

Wufa ndiyo mfumo wa muziki wa nyumba za Nairobi. Watanzania huiita sabufa. Ni sanduku la besi lenye amplifaya ndani yake, na spika ndogo za pembeni. Nyuma kuna matundu ya pini nyekundu na nyeupe. Mbele kuna tundu la flashi, la kadi ya memori, redio ya FM na, kwa zile za miaka ya karibuni, Bluetooth. Majina kama Sayona, Vitron na Ampex yanajulikana kila ploti, na bei huanzia shilingi elfu chache. Kartoni huwa imeandikwa maelfu ya wati za PMPO, lakini ukigeuza sanduku lenyewe na kusoma kibandiko cha stima utakuta wati makumi tu. Hilo tuliache, ingawa linaeleza kwa nini wengi wanaamini spika zao zina njaa ya kifaa bora zaidi.

Vyanzo vya muziki vimebadilika mara kadhaa. Kulikuwa na kaseti, na redio ya serikali. Baada ya Capital FM kuanza mwaka 1996, stesheni za FM za watu binafsi ziliongezeka hadi zikajaa hewani. Zikaja CD na DVD, kisha flashi iliyojazwa nyimbo kwa fundi wa muvi. Vyote hivyo vilikuwa na sifa moja ambayo hakuna aliyeitilia maanani wakati ule: vilikaa nyumbani. Mzee akienda kazini, kaseti ilibaki kwenye redio. Simu ndiyo chanzo cha kwanza kinachotoka na mwenyewe. Saa kumi na mbili asubuhi mwenye simu anapanda matatu kuelekea mjini au anakata njia ya mguu kwenda Lavington kwa mwajiri wake, na muziki wa nyumba nzima umeondoka naye. Wufa imebaki na redio tu.

Hiyo ndiyo kasoro ambayo strima, ya aina yoyote, inapaswa kuiondoa. Isipoiondoa, mtu ameongeza waya tu.

Huduma zenyewe za muziki nazo ziliongezeka haraka. Boomplay ilizinduliwa Nigeria mwaka 2015 na ikaingia Kenya ikiwa ndani ya simu za Tecno tayari, kabla mwenye simu hajaomba. Mdundo ilizaliwa hapa Nairobi, ikajenga jina kwa miksi za madijei zinazopakuliwa, na mwaka 2020 ikaandikishwa katika soko la hisa la Copenhagen. Spotify ilifika Kenya Februari 2021. Safaricom nayo ilikuwa na Songa, iliyozinduliwa mwaka 2018, leo haipo. Aliyekuwa na orodha zake za nyimbo ndani ya Songa alijifunza bure kile ambacho mnunuzi wa kifaa hujifunza kwa pesa: huduma hufungwa, na kifaa kilichofungwa kwenye huduma moja hufa nayo.

Hesabu ya mwezi

Hapa ndipo penye mchanganyiko mkubwa, na hapa ndipo wauzaji hunyamaza. Muziki wa kutiririsha hupimwa kwa kilobiti kwa sekunde. Spotify, kwa mfano, ina kiwango cha chini kabisa cha takriban 24, cha kawaida 96, cha juu 160, na 320 kwa wanaolipa. Namba hizi hazimwambii mtu chochote mpaka zigeuzwe kuwa megabaiti. Kiwango cha 96 kinakula megabaiti 43 kwa saa. Cha 160 kinakula 72. Cha 320 kinafika 144. Muziki usiobanwa wa ubora wa CD, kilobiti 1,411, unapita megabaiti 600 kwa saa, na hata ukibanwa bila kupoteza kitu bado unabaki kwenye mamia.

Tuchukue nyumba inayosikiliza saa tatu kwa siku, jambo la kawaida kwa mtu anayefua, anayepika au anayeshona nyumbani. Kwa mwezi, kiwango cha 96 kinahitaji takriban giga nne. Kiwango cha 160, giga sita na nusu. Kiwango cha 320, giga kumi na tatu. Tukikadiria giga moja kwa shilingi mia moja, ambayo haiko mbali na bei ya bando la siku moja, tunapata shilingi 390, 650 na 1,300 kwa mwezi. Anayejua kuvizia ofa atapata nafuu, lakini bando la bei poa sana kwa kawaida hudumu saa moja au hadi usiku wa manane tu, na nyimbo za siku nzima hazipangwi kwa saa moja.

Sasa linganisha na intaneti ya ukutani. Poa! Internet, kampuni iliyoanza kwa kuunganisha mitaa kama Kibera na Kawangware, huuza Wi-Fi ya nyumbani isiyopimwa kwa takriban shilingi 1,500 kwa mwezi. Faiba ya Safaricom, pale ilipofika, huanzia shilingi 2,999. Maana yake ni kwamba, kwa bei ya Poa!, mpaka uko kwenye giga kumi na tano hivi. Chini ya hapo, kulipia Wi-Fi kwa ajili ya muziki peke yake ni hasara. Juu ya hapo, kuendelea na bando ni hasara. Na nyumba yenye watoto wanaotazama katuni za YouTube imeshapita mpaka huo zamani, kwa sababu picha hula data kuliko sauti kwa mbali. Anayesikiliza nyimbo kupitia video za YouTube huku skrini imefunikwa kifudifudi mezani analipia picha ambazo hakuna anayeziona.

Kuna njia ya katikati iliyoenea: ploti nzima kuchangia Wi-Fi moja kwa kugawana nywila. Kampuni hazipendi mchezo huo na kasi hushuka jioni, lakini muziki hauhitaji kasi kubwa. Hata kilobiti 320 ni chini ya nusu ya megabiti moja. Kinachokatiza nyimbo jioni mara nyingi ni masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 yaliyosongamana, kila ploti na ruta yake na simu zake, kuliko upungufu wa kasi ya kampuni.

Flashi na redio, wazee wasiostaafu

Uchambuzi wowote unaoruka njia hizi unawadharau wasikilizaji. Flashi ya giga 16 inabeba zaidi ya nyimbo 4,000 za dakika nne kwa kiwango cha kilobiti 128. Haihitaji bando, haikatizwi na simu, na mama mkwe aliyekuja kutoka Kakamega anaweza kuitumia bila kufundishwa. Inakaa nyumbani, sharti letu la kwanza.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Nyimbo zinazeeka: wimbo uliotoka wiki hii haumo mpaka urudi kwa aliyekujazia. Udhaifu wa pili ni wa haki. Nyimbo nyingi zinazojazwa kwenye flashi kwa shilingi hamsini hazimpi msanii hata senti, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 2001 haiwi kimya kwa kuwa duka ni dogo. Mdundo ilijenga biashara yake hapohapo kwenye ufa huo: mtu anapakua wimbo au miksi ya dijei kwa halali, bila malipo, akivumilia tangazo mwanzoni, kisha anauhamishia kwenye flashi. Kwa nyumba inayopenda miksi ndefu kuliko kuchagua wimbo mmoja mmoja, sijaona njia nyingine inayoipita kwa bei.

Redio ya FM nayo haina bando kabisa. Ghetto Radio iko 89.5, Mulembe FM inawafikia Waluhya wengi wa mitaa hii kwa lugha yao, na Kibera ina Pamoja FM kwenye 99.9. Ni mtiririko wa muziki usiokatika, wenye mtangazaji, habari na salamu, na unapokelewa na kila wufa. Wanaolalamika kwamba redio haiwaruhusu kuchagua wimbo wana haki, lakini waulize pia ni mara ngapi kwa siku wao huchagua.

Bluetooth: rahisi, na inachosha

Wufa yenye Bluetooth ndani yake, au kile kijiplastiki cha mia chache kinachochomekwa kwenye pini nyekundu na nyeupe, ndiyo njia ya wengi. Mafundi wa redio nao huuza paneli ndogo zenye Bluetooth, flashi na FM, na kuzipachika kwenye amplifaya ya zamani iliyokuwa imekufa. Kwa mtu aliyerithi spika nzuri za mbao kutoka kwa mzazi, kazi hiyo ya fundi ni bora kuliko kununua wufa mpya ya plastiki.

Wapinzani wa Bluetooth husema inaua sauti. Hoja hiyo imetiwa chumvi. Njia ya kawaida ya Bluetooth, iitwayo SBC, inaweza kubeba hadi kilobiti 328 kwa sekunde. Aliye na akaunti ya bure ya kilobiti 160 hapotezi chochote cha kumliza. Lawama halisi ziko kwingine. Bluetooth huchukua sauti yote ya simu: wimbo uko katikati, ujumbe wa WhatsApp unalia kwenye besi, au simu ya mwajiri inaingia na chumba kizima kinasikia. Umbali wake ni takriban mita kumi pasipo vizuizi, na ukuta wa mabati ni kizuizi kikubwa; mwenye simu akienda bombani uani, wimbo unakatakata. Tena ni ya mtu mmoja. Mwenyewe akitoka, tumerudi kwenye wufa yenye redio tu.

Kwa hiyo Bluetooth inatatua suala la waya. Suala la simu kutoka nyumbani hailigusi.

Televisheni iliyo na kila kitu, hata visivyohitajika

Televisheni erevu za inchi 32 zimeshuka bei, na nyumba nyingi zimeruka strima bila kujua: YouTube imo ndani, waya wa pini mbili unatoka nyuma kwenda kwenye wufa, kazi imekwisha. Asiye na televisheni erevu hununua kisanduku cha Android. Faida ni dhahiri. Skrini ipo, watoto wanakijua, kinakaa nyumbani, na huduma yoyote yenye programu inaweza kuingizwa.

Gharama zake zimejificha. Ili kusikiliza wimbo, skrini nzima inawaka na kula stima, na katika nyumba ya tokeni hilo linaonekana kabla ya mwezi kuisha. Video hula data hata mtu anapotaka sauti tu. Visanduku vya bei ya chini kabisa, visivyo na jina la kampuni, mara nyingi huja na toleo la zamani la Android lisilosasishwa, na baada ya mwaka mmoja au miwili programu zinaanza kukataa kufunguka. Ikiwa televisheni ipo tayari na Wi-Fi ipo tayari, tumia. Kununua kisanduku kwa ajili ya muziki pekee ni kununua ng'ombe kwa sababu unataka ngozi.

Visanduku vya Wi-Fi: vizuri, ila vimeshonwa kwa mwili mwingine

Hivi ndivyo wapenzi wa sauti wanavyovimaanisha wanaposema strima. Simu inakuwa rimoti tu. Kifaa chenyewe ndicho kinachovuta wimbo kutoka kwenye intaneti kupitia ruta. Ukipigiwa simu, muziki hausimami. Ukitoka kwenda kazini, unaendelea, na mwingine mwenye simu kwenye Wi-Fi hiyohiyo anaweza kuuendesha. Kifaa chenyewe kinakula wati mbili hivi, yaani uniti moja na nusu ya tokeni kwa mwezi hata kikiwashwa usiku na mchana. Kwa nadharia, hili ndilo jibu la swali letu.

Kihistoria kilichoshusha bei ni Chromecast Audio ya Google, iliyotoka mwaka 2015 kwa dola 35. Kidogo kama kifuniko cha chupa kubwa, kilichomekwa kwenye spika yoyote. Google iliacha kukitengeneza Januari 2019, na vilivyobaki vinazunguka kama mitumba. Machi 2025 vikakataa kufanya kazi kwa siku kadhaa duniani kote, kwa sababu cheti cha usalama kilichokuwa ndani yake kilikuwa kimeisha muda, mpaka Google ilipotuma marekebisho. Kaseti haikuwahi kumfanyia mtu hivyo.

Leo jina linalotajwa sana kwa bei nafuu ni WiiM, na kifaa chake kidogo, WiiM Mini, huuzwa ng'ambo kwa takriban dola 90. Hiyo ni zaidi ya shilingi elfu kumi na moja kabla ya usafiri, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16. Kwa mwenye amplifaya nzuri hiyo si bei mbaya. Lakini soma orodha ya huduma kinazozielewa: Spotify imo, Tidal na Deezer zimo, redio za mtandaoni zimo. Boomplay na Mdundo hazimo, na YouTube ya video haipiti. Msikilizaji wa Boomplay mwenye simu ya Tecno atakirudisha kifaa cha elfu kumi na moja kwenye kazi ya Bluetooth, kazi ile inayofanywa na kijiplastiki cha mia chache.

Tatizo la pili halitajwi kabisa kwenye maelezo ya mauzo, nalo ndilo linalowaumiza watu wa mitaa hii. Wi-Fi ya barabarani, ile ya vocha, hukudai uingize namba kwenye ukurasa unaofunguka kabla haijakupa intaneti. Kifaa kisicho na skrini hakiwezi kufungua ukurasa huo. Kinaunganika na Wi-Fi, kinawasha taa yake, kinabaki bubu. Anayetegemea vocha, basi, asinunue kisanduku cha Wi-Fi hata akikipata kwa nusu bei. Na anayefikiria kukilisha kwa hotspoti ya simu akumbuke kwamba simu hiyo italazimika kubaki nyumbani, na tumezunguka tukarudi tulikotoka.

Raspberry Pi nayo ina wafuasi wake: kompyuta ndogo ya kiganjani, ikawekewa programu za bure kama Volumio au moOde, ikawa strima. Ni shule nzuri kwa kijana anayependa kuchokora vifaa. Kwa wengine, ukijumlisha kadi ya memori, chaja inayofaa, kasha na kipande cha kuboresha sauti, bei inakaribia ile ya kisanduku kilichokamilika, na kadi ya memori haipendi stima inayokatika ghafla. Kenya Power haijulikani kwa kupiga hodi kabla ya kukata.

Simu ya pili, isiyo na laini

Karibu kila nyumba ina simu iliyovunjika kioo kwenye droo au chini ya godoro. Ikiwa bado inawaka, strima imepatikana. Ondoa laini, funga arifa, weka programu ya muziki, chomeka waya wa aux kwenda kwenye pini nyekundu na nyeupe za wufa, iache hapo. Haipigiwi simu. Haiendi kazini. Ina skrini, kwa hiyo ukurasa wa vocha unafunguka. Inakubali Boomplay, Spotify, Mdundo na YouTube bila ubaguzi. Simu nyingi za bei ya chini, za Tecno na itel, bado zina tundu la aux ambalo simu za bei ghali zimeliacha.

Nguvu yake kubwa, hata hivyo, ni kupakua. Anayelipia Spotify anaweza kuhifadhi nyimbo hadi 10,000 kwa kifaa na kuzisikiliza bila intaneti, mradi kifaa kiingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30. Boomplay ina vifurushi vya siku, vya wiki na vya mwezi. Maana yake kwa hesabu yetu ya mwezi ni kubwa: wimbo unaopigwa mara hamsini hulipiwa data mara moja. Usiku mmoja wa Wi-Fi ya vocha, au ya jirani, au bando moja la saa moja lililolengwa vizuri, linaweza kuijaza simu ya pili nyimbo za mwezi. Zile giga sita na nusu zinashuka zikawa moja au chini yake.

Haikosi kasoro. Betri iliyoachwa kwenye chaja mwezi baada ya mwezi inaweza kuvimba, na betri iliyovimba ni hatari ya moto. Simu ya namna hiyo ichajiwe kwa saa chache, isilale kwenye umeme. Ukichaji huku unapiga muziki kwa waya, chaja ya bei ya chini mara nyingi huleta mvumo kwenye spika, ule mlio wa nyuki usioisha, na dawa yake ni chaja nyingine au kuchaji wakati wufa imezimwa. Android ya zamani mno itakataliwa na programu mpya. Wenye hoja ya ubora wa sauti nao wana la kusema: kipande cha sauti ndani ya simu ya bei ya chini ni dhaifu kuliko kile cha WiiM. Ni kweli, na kwenye spika nzuri inasikika.

Mabati yana neno la mwisho kuhusu sauti

Katika chumba cha futi kumi kwa kumi, kuta na paa la mabati, tofauti kati ya kilobiti 160 na 320 hufa mapema. Mvua ikinyesha, zote mbili zimekufa. Kinachobadilisha sauti kwa hakika ni mahali wufa ilipo. Sanduku la besi likiwekwa kwenye pembe, kuta mbili huongeza besi hadi maneno ya mwimbaji yanapotea. Lisogeze mbali na pembe kwa futi moja au mbili. Likigusa ukuta wa mabati, ukuta wenyewe unanguruma. Kipande cha mpira wa tairi chini ya sanduku, cha bei ya chai, kinafanya kazi ambayo strima ya elfu kumi na moja haiwezi.

Majirani nao wamo kwenye hesabu. Kanuni za kelele za mwaka 2009 chini ya sheria ya mazingira zinaweka kikomo cha desibeli 35 usiku katika makaazi, kiwango ambacho mazungumzo ya kawaida hukipita. Hakuna ploti inayokitimiza. Lakini keateka, msimamizi wa ploti, hahitaji kipimo cha desibeli ili kubisha mlango, na katika ploti zenye kuta za mabati wufa ya mtu mmoja ni ya vyumba vinne.

Kupima yote

Nyumba isiyo na Wi-Fi na inayonunua bando kwa siku isinunue strima ya aina yoyote. Simu ya pili na waya wa aux vinatosha, nyimbo zipakuliwe mara moja kwa wiki, na redio ijaze masaa mengine. Kama hakuna simu ya pili, flashi iliyojazwa kwa halali ni bora kuliko Bluetooth kwa kila kitu isipokuwa wimbo mpya, kwa sababu haitoki nyumbani na mtu.

Nyumba yenye Wi-Fi ya ukutani na televisheni erevu tayari ina strima; inachokosa ni waya wa kwenda kwenye wufa, na pengine uamuzi wa kutumia programu ya sauti badala ya video.

Kisanduku cha Wi-Fi nakipendekeza kwa nyumba moja tu kati ya zote nilizozielezea: yenye Wi-Fi ya mwezi isiyo ya vocha, yenye amplifaya na spika zinazostahili, ambayo wakaazi wake hulipia Spotify au huduma nyingine iliyomo kwenye orodha ya kifaa, na ambamo zaidi ya mtu mmoja anataka kuuendesha muziki. Sharti moja likikosekana, thamani yake inashuka kwa kasi. Mtaani Kawangware nyumba kama hizo zipo, hasa kwenye ghorofa mpya za mawe kando ya Naivasha Road, lakini si nyingi kama matangazo yanavyodhani.

Kwa asiye na uhakika yuko kundi gani, jaribio lake halina bei kubwa. Anunue waya wa aux, achomeke simu ya zamani, asikilize mwezi mmoja kama anavyopenda, kisha afungue sehemu ya matumizi ya data kwenye simu hiyo. Ikisoma giga mbili au tatu, amemaliza kununua. Ikisoma giga kumi na tano, apigie kwanza mafundi wa Wi-Fi, na safari ya Luthuli ingoje mwezi unaofuata.